Aliyegonga Ukuta wa Mama Éliakim

Kavuo ni mtu wa chumvi. Kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akipasua samaki, akiwatia chumvi na kuwaanika juu ya vichanja kando ya ziwa Edward, hata mikunjo ya viganja vyake imebaki myeupe, haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Wafanyabiashara walioshuka kutoka Butembo na Beni walipita vichanja vya wengine kwa salamu tu, wakaenda kusimama kwake. Walichokuwa wakikiamini ni kidole gumba chake cha kulia. Alikibonyeza kwenye shingo ya samaki, kisha chini ya pezi, mahali ambapo unyevu hujificha, na akisema amekauka, amekauka. Wenzake walimwonea wivu, kisha wakachoka, maana Kavuo hajisifu, hagombani, na akiudhika anakwenda zake kunoa kisu.

Basi mtu huyo, mwenye akili zake timamu, ndiye aliyekataa kutoka nyumbani wakati ziwa lilipokuja kuichukua nyumba. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alirukwa na akili. Mimi sisemi hivyo, na anayesema hivyo mbele yangu namwambia aende akazae kwanza. Kavuo alikuwa anamngoja mtu, na mtu huyo alikuwa na njia moja tu ya kumwita, nayo ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba ile.

Mtu mwenyewe ni mwanawe, Éliakim. Alikuwa mvuvi, miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa mzima. Mtumbwi wake wa mbao aliupaka rangi ya bluu, na ubavuni akaandika MERCI MAMA, yaani asante mama, kwa herufi nyeupe, kwa sababu ulinunuliwa kwa makayabo, samaki wa chumvi wa mama yake. Kila alfajiri aliporudi kutoka kwenye nyavu hakupita mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, akaugonga kwa kasia ule ukuta ambao kitanda cha mama kiliegemea. Aligonga mara mbili, ngo, ngo. Maana yake: samaki wamefika, amka. Na Kavuo aliinuka kabla ya ngo ya pili kwisha, huku akimgombeza kwamba siku moja utabomoa nyumba. Kwenye ule ukuta wa udongo kulikuwa na kishimo mahali pa kasia, na ukikitazama ungefikiri ni cha panya.

Miaka minne iliyopita, Éliakim alitoka jioni, na usiku ukavuma upepo ambao wazee walisema hawajapata kuuona. Asubuhi mtumbwi wa bluu ulikutwa umepinduka kwenye matete. Wavuvi walimtafuta siku tatu, siku ya nne, siku ya tano. Ziwa halikurudisha hata kiatu.

Ndipo akashuka Syauswa, mdogo wa marehemu mume wa Kavuo, kutoka Vuhovi, huko milimani. Alikuja na pikipiki, na nyuma yake amefunga shina la mgomba lililoviringishwa kwenye kitenge. Pale uwandani migomba haioti, na hata ingeota, walinzi wa mbuga ya wanyama inayouzunguka mtaa wasingeipenda. Katika ukoo wao mtu asiyepatikana huzikwa hivyo, shina la mgomba likikaa mahali pa mwili, ili roho ijue pa kurudi na isitangetange kwenye milango ya watu. Syauswa akasema mtoto azikwe uani kwa baba yake. Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye ukuta ule, katika mchanga unaotoa maji hata kabla shimo halijafika kiunoni.

Sanduku lilitengenezwa na jirani yao Zorobabel, ambaye watu humwita Baba Providence kwa jina la binti yake. Yeye ni fundi wa mitumbwi, na mtumbwi wa Éliakim ulitoka mikononi mwake. Pale kwao mtumbwi uliorudi bila mwenyewe hakuna anayeupanda tena, kwa hiyo Zorobabel aliuvunja, na mbao zilezile za bluu akazifanya sanduku. Alifanya kazi tangu adhuhuri mpaka kulipokucha, hakutaka msaidizi. Mkewe Jokébed, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, alikwenda kwenye kamba ya nguo ya Kavuo bila kuomba ruhusa, akaanua shati la kijani la Éliakim, akalikunja na kulilaza juu ya shina la mgomba. Kavuo alimwona kwa dirisha. Hakulisahau shati lile, wala hakumsahau aliyelichukua.

Kwa desturi, mama ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Watu wote walisimama wakamngoja. Kavuo alisimama mlangoni na kisu chake cha samaki mkononi, harufu ya lami ya mitumbwi ikimjia kutoka kwenye sanduku, na alichosema kilimwaibisha Syauswa mbele ya wageni.

"Ile njo mugomba. Miye hapana kuzika mugomba. Mutoto yangu akirudi, atapiga ukuta, na miye nitaamuka."

Udongo ulitupwa na wengine.

Tangu siku hiyo Kavuo hakula samaki wa ziwa. Aliwatia chumvi, aliwaanika, aliwauza, lakini kinywani mwake hawakuingia. Akimpasua kambare mkubwa alifumba macho mkono ukiingia tumboni. Hakupanda tena mtumbwi. Na mvua ikinyesha usiku alikuwa analala macho wazi, kwa sababu jambo lililomla halikuwa kifo chenyewe. Kifo angeweza kukizoea, amezika mume, amezika wazazi. Kilichomla ni maji. Alimwaza mtoto wake akiwa amelowa. Alimwaza na nguo zimemganda mwilini, baridi imemwingia kwenye mifupa, na hakuna mtu wa kumpa kitenge ajifute. Wazo hilo lilikaa naye kwenye kichanja, kanisani wakati wa misa, hata akichota maji ya kunywa. Miaka minne si mchezo.

Mwaka huu mvua za mwezi wa nne hazikujua kuaga. Zilipiga Masereka, zikapiga Luofu na milima yote ile, na mito ikashusha kila kitu uwandani. Ziwa likajaa taratibu, bila kelele, kama mtu anayesogea kidogokidogo kwenye benchi mpaka akunyang'anye nafasi. Kila nyumba ya mtaa wa chini ilichomeka kijiti mahali maji yalipofika jioni. Asubuhi watu walikwenda kukitafuta kijiti chao kwanza, ndipo wakasalimiana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maji yale yalikaa wiki tatu, na jembe la kuyapa halikuonekana.

Watu walipambana. Waliinua vitanda kwa matofali, kisha wakaongeza matofali juu ya matofali. Walipika juu ya meza. Walijaza mchanga kwenye mifuko ya chumvi iliyokwisha, na mifuko mingi zaidi ilitoka kwa Kavuo, ambaye aliigawa yote bila kubakiza hata mmoja kwa ajili ya mlango wake. Vyoo vilifurika, maji yakabadilika rangi, na akina mama wa makanisa yote mawili wakapita na dawa ya maji, tone kwa ndoo. Kiboko mmoja aliingia jikoni kwa watu mchana kweupe, akala ndizi za kupika, akatoka. Makorongo yenye vichwa vya upara yalihama ufukweni yakasimama juu ya mabati, yakitazama chini bila haraka.

Mtu mmoja mmoja, mtaa wa chini ukapanda mlimani, kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, ambako walifunga maturubai. Zorobabel alibomoa karakana yake akabeba mbao. Alipokuwa anabeba alipita nyuma ya nyumba ya Kavuo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasimama, akatazama mahali pa kaburi. Kavuo alimwona. Maji yalikuwa yameshafunika msalaba mdogo mpaka mikono yake.

"Baba Providence, uko nachunga nini pale?" alimwuliza siku moja.

"Hapana kitu, Mama Éliakim. Ni maji tu."

Lakini macho yake hayakutulia, akaondoka bila hata kuaga.

Binti yake Kavuo, Nadège, anayeuza nguo katika soko la Butembo, alipiga simu kila siku.

"Mama, chumba iko. Nilishatandika kitanda. Kuya basi, panda hata pikipiki ya kesho."

"Kitanda iko huku pia."

"Mu maji?"

"Mu maji njo batu bengine balilala miaka ine," Kavuo akajibu, na aliyelala majini miaka minne walimjua wote wawili. Upande wa pili Nadège akaanza kulia, na mama akakata simu.

Jokébed alikuja mara tatu, akikunja nguo mpaka magotini, akitanguliza maneno yake kama kawaida.

"Weye Mama Éliakim, unataka kuwa samaki? Na ukikuwa samaki, nani atakutia chumvi? Maana siye wengine, makayabo yetu inaoza!"

Kavuo alitabasamu kidogo, na lilikuwa tabasamu lake la kwanza kwa Jokébed tangu mambo ya shati. Kisha akamweleza, polepole, kama mtu anayempa mgeni njia. Nyumba ikiachwa itaanguka. Ukuta ukianguka, Éliakim atagonga wapi? Atakuja alfajiri, amelowa, atazunguka nyuma na kasia lake, akute maji matupu, na atafikiri mama yake amemsahau.

"Sitatoka mpaka yeye mwenyewe anitoe," akasema. "Akigonga, nitatoka."

Jokébed alirudi mlimani akamwambia mumewe, na watu walioketi karibu walimwona Zorobabel akiweka sahani yake chini, akaondoka bila kula.

Ikafika asubuhi ya Jumanne. Mvua ilikuwa imekatika, lakini upepo ulivuma kutoka ziwani, na mawimbi madogo yalikuwa yanaingia kwenye njia za mtaa wa chini na kutoka, yanaingia na kutoka. Ndani kwa Kavuo maji yalifika magotini. Yeye alikuwa juu ya kitanda, juu ya matofali manane, amejifunga vitenge viwili, rozari mkononi. Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Usiku kucha udongo ulikuwa umedondoka majini, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilipodondoka alisikiliza kama kuna cha pili.

Mtumbwi ulikuja mpaka mlangoni. Ndani yake walikuwamo chef Lusenge, mkuu wa mtaa, akishika upondo, pamoja na Zorobabel na Jokébed. Lusenge alikuwa amekwisha kuokoa watu arobaini na mbuzi wasiohesabika, na uvumilivu wake ulikuwa umebaki kidogo sana.

"Mama, ile nyumba itaanguka leo. Hapana kesho, leo. Donc, basi, unapanda, ama tunakubeba."

"Ukinigusa, chef, nitakukata."

Na kisu kilikuwa pale, chini ya mto. Lusenge alikijua kisu kile.

"Mama Éliakim, kwa jina ya Yesu," Jokébed akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini. "Tukikuacha humu, siye tutalala namna gani? Kila siku tutakuwa nasikia ile nyumba inaanguka. Utatuachia hiyo?"

Kavuo alifungua mdomo ajibu.

Ngo.

Sauti ilitoka ukuta wa nyuma. Mtumbwi uligusa kizingiti, maji yakalamba mlango.

Ngo.

Wanaosimulia wakifika hapa hupunguza sauti, na mimi pia napunguza. Mbili, si moja wala tatu. Mahali palepale, chini ya dirisha dogo, kwenye kile kishimo. Jokébed alishika mkono wa mumewe akauacha na alama za kucha. Lusenge alinong'ona kwamba ni kiboko, lakini sauti yake haikumwamini.

Kavuo aliinuka kabla ya ngo ya pili kwisha. Mwili uliinuka wenyewe, kama ulivyoinuka alfajiri elfu na zaidi, na kinywa nacho kikasema maneno yake ya zamani.

"Utabomoa nyumba, weye!"

Kisha akasikia alichokisema. Alijishikilia kwenye ukuta, akatambaa juu ya kitanda, akasukuma kibao cha dirisha.

Chini ya dirisha palikuwa na kitu cha bluu. Kilikuwa kirefu, kimelala juu ya maji vizuri, hakikuinama kichwa wala miguu, na kila wimbi lilipokuja kilisogea kwa upole kikaugusa ukuta. Mchanga ulikuwa bado umeshika kwenye misumari. Upande uliomwelekea yeye palikuwa na herufi nyeupe zilizofifia, neno moja tu, maana ubao ulikatwa hapo: MAMA.

Hakupiga kelele. Watu walitegemea kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayewajulisha walio ndani kwamba mgeni amefika:

"Amekuya."

Waliuzungusha mtumbwi mpaka nyuma ya nyumba. Lusenge alipoliona sanduku alijifanyia ishara ya msalaba, ingawa yeye si Mkatoliki. Makaburi mengine ya mtaa wa chini yalikuwa chini ya maji yaleyale, ya wazee, ya watoto, na hakuna hata moja lililofunguka. Wafu wale walikuwa wazito, walibaki walipowekwa. Ni huyu mmoja tu, ambaye hakuwamo, aliyepanda.

"Tuisukume irudi mu ziwa," Lusenge akasema akiinua upondo. "Hii hapana kitu ya kucheza nayo. Mufu akitoka, bazima baingie? Hapana!"

"Guza uone," Kavuo akasema kutoka dirishani. "Chef, guza tu."

Upondo ulishuka.

Alitoka kwa mlango, maji yakamfika mapajani. Alibeba rozari, kisu na picha ya mumewe, akaacha mengine yote. Alipofika kwenye mtumbwi alisimama, kwa sababu kwa miaka minne mguu wake haukuwa umekanyaga chombo. Jokébed alimpa mkono. Kavuo aliutazama mkono ule, mkono ulioanua shati kwenye kamba yake, kisha akaushika akapanda. Zorobabel alitaka kulifunga sanduku kwa kamba, lakini Kavuo alikataa kamba. Aliketi nyuma kabisa, akainama, akalishika yeye mwenyewe kwa pembe, kama unavyomshika mtoto mkono kwenye njia yenye utelezi. Hivyo ndivyo walivyoondoka.

Walikuwa hawajafika nyumba ya tatu waliposikia kishindo nyuma yao. Ukuta wa upande wa ziwa ndio ulioanguka kwanza, ule wenye kishimo, na mabati yakafuata. Jokébed aligeuka. Kavuo hakugeuka.

Mlimani watu walikimbia. Waliliona sanduku la bluu likipandishwa njiani na wanaume wanne waliokuwa wanatazama pembeni, na akina mama wakawafunika watoto macho, wengine wakaanza wimbo, wengine wakaacha. Lililowatisha zaidi ni uwepesi wake. Wanaume wanne walilibeba kana kwamba ni kikapu. Liliwekwa chini ya mti wa mwisho wa uwanja, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyelikaribia isipokuwa Kavuo, aliyeketi kando yake ardhini, kiganja kimoja juu ya kifuniko.

Zorobabel ndiye aliyekuja kwanza. Alikuja na patasi na nyundo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha miaka mingi. Alipiga magoti.

"Mama Éliakim, niko na neno. Ukinifukuza, nitaenda."

"Sema."

"Ile siku, mikono yangu ilisahau. Sanduku ya mufu, batu habazibi. Inapaswa iingize maji, iingize udongo, irudi mu udongo. Miye, maisha yangu yote ni mitumbwi. Mbao zilikuwa za mutumbwi. Nililia, sikuona kazi. Nilitia pamba kati ya mbao, nikamwaga lami, nikaziba yote, chini, juu, sawa vile chombo ya kwenda ku ziwa. Niliona asubuhi, wakati balikuwa naishusha mu shimo. Nikanyamaza. Haya ilinifunga kinywa."

Aliweka patasi chini.

"Miaka ine, nikilala, naiona inapanda. Na leo imepanda. Hapana Éliakim alikuya, Mama. Nisikudanganye. Ni kosa yangu njo ilikuya."

Watu waliosimama mbali walisikia. Walingoja amlaani, na haki alikuwa nayo. Kavuo aliitazama mikono ya fundi yule, yenye lami iliyoingia kwenye kucha, isiyotoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto.

"Fungula," akasema.

"Mama..."

"Fungula, Baba Providence."

Ilichukua muda. Lami ilikuwa imeshika kama siku ya kwanza, na Zorobabel alilazimika kuipasua inchi kwa inchi kuzunguka kifuniko chote. Kiliponyanyuka, watu walirudi nyuma wakiziba pua. Hakukuwa na harufu mbaya. Ilitoka harufu ya ubao mkavu na lami, harufu ya karakana. Shina la mgomba lilikuwa limenywea likawa nyuzi za kahawia, jepesi, limejikunja upande mmoja. Juu yake lilikuwa shati la kijani, limekunjwa vilevile Jokébed alivyolikunja, mikono nyuma, kola juu.

Kavuo hakulichukua mara moja. Aliingiza kwanza kidole gumba cha kulia. Alikibonyeza kwenye pembe ya sanduku, chini kabisa, kisha pembe ya pili, ya tatu, ya nne, mahali ambapo unyevu hujificha. Akapapasa chini ya shina. Kisha akaja kwenye shati. Alibonyeza kola iliyochakaa, akabonyeza kwapani, akabonyeza pindo la chini ambako kitambaa ni kinene. Alikuwa anapima kama anavyopima siku zote, bila haraka, macho yakitazama mbali, na waliomjua wakaanza kulia kabla hajasema, kwa sababu walijua anachokitafuta.

"Amekauka," akasema.

Akarudia kupima kwapa la pili, asije akakosea.

"Amekauka. Maji haikumufikia."

Alilibeba shati akaliweka usoni, na hapo ndipo kilio cha miaka minne kikatoka. Kilikuwa kilio kibaya, kizito, cha mtu anayetapika. Jokébed alikaa ardhini nyuma yake akamkumbatia kiunoni, na safari hii hakusema lolote. Nyuma yao ziwa lilionekana lote, kubwa, la rangi ya udongo, limelala juu ya nyumba za watu.

Kavuo aliponyamaza, alilikunja shati, mikono nyuma, kola juu, akalirudisha mahali pake. Akamgeukia fundi.

"Lami iko?"

"Iko, Mama. Nilipanda nayo."

"Ziba tena." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ziba muzuri, Baba Providence, sawa vile uliziba ile siku. Maji isimuingilie."

Zorobabel alifanya kazi mpaka jua likawa juu, machozi yakimdondokea kwenye mbao, na hakuharibu hata mshono mmoja. Vijana walichimba kaburi palepale mlimani, refu, katika udongo mwekundu usio na maji. Hakuna aliyempigia simu Syauswa. Padri alikuwa Beni, mchungaji alikuwa anagawa unga, kwa hiyo Lusenge alisoma sala mwenyewe, vibaya. Sanduku la bluu lilishushwa kwa kamba za nyavu. Watu walisimama wakamngoja, kama walivyosimama miaka minne iliyopita.

Kavuo alisogea ukingoni. Alichota udongo kwa kiganja chake cheupe, akaushika kwa muda, akainama kama mtu anayeongea na aliyelala.

"Lala, papa, mutoto yangu," akasema. "Mama aliisha kuamuka."

Kisha akauachia udongo.